SHEREHE NI YA ALIYEFUZU

 

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya sherehe. Watu wazima wengi wanasoma. Wengine wanajifunza kusoma na kuandika. Wengine wanasoma masomo ya sekondari jioni, baada ya kazi. Siku moja mwenzako ataleta cheti nyumbani. Je, siku hiyo utafanya nini?

Usicheke. Swali hili lilinishinda mimi mwenyewe. Leo nitakueleza jinsi lilivyonishinda, na jinsi mke wangu alivyonipa jibu lake.

MAFUTA YA TAA

Habari hii ni ya mwaka 1977. Tulikaa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Tulilima pamba na mahindi. Tulikuwa na watoto wanne. Mimi nilisoma hadi darasa la nne. Mke wangu hakupata kukaa darasani hata siku moja. Kwao watoto walikuwa wengi na karo ilikuwa haba. Kwa hiyo wavulana ndio waliopelekwa shule.

Miaka ile nchi nzima ilikuwa inasoma. Mwaka 1967 karibu watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wakasoma chini ya miembe, barazani na katika maghala. Waliofundisha si walimu wa shule peke yao. Hata vijana waliomaliza darasa la saba waliwafundisha wazee wao. Vitabu vilieleza kazi za watu wenyewe: pamba, ndizi, ng'ombe na uvuvi.

Mtihani ulikuwa mmoja kwa nchi nzima, nao ulikuwa na hatua nne. Aliyefika hatua ya nne aliweza kusoma gazeti, kuandika barua na kuweka hesabu zake mwenyewe.

Mke wangu alianza kisomo mwaka 1974. Alikwenda darasani mara tatu kwa juma, saa kumi alasiri. Akirudi alipika, akaosha vyombo, akalaza watoto. Ndipo alipowasha koroboi na kufungua daftari lake. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha lala. Nilimwambia, "Mama Watoto, mafuta ya taa yanakwisha. Zima hiyo koroboi."

Alizima. Hakunijibu neno.

Baadaye nilikuja kujua kwamba aliamka kabla ya jogoo kuwika. Alisoma kwa mwanga wa moto wa jikoni, huku akichemsha uji.

Nakueleza haya kwa aibu, ndugu msomaji. Mimi sikumkataza kusoma. Lakini sikumsaidia pia. Wanaume wa namna yangu ni wengi, hata leo. Tunasema, "Mimi nimemruhusu." Tunadhani ruhusa inatosha.

JINA LAKE

Mwaka 1977 alifanya mtihani, akafika hatua ya nne. Siku ya kugawa vyeti tulikusanyika kwenye uwanja wa shule. Katibu wa kijiji alisoma majina. Mmoja mmoja walisimama, wakaenda mbele, wakapigiwa makofi.

Likaitwa jina moja. Nikageuza shingo kumtafuta mwenye jina hilo. Mzee aliyeketi karibu nami akanipiga kiwiko, akasema, "Bwana, huyo si mkeo?"

Alikuwa mke wangu. Lilikuwa jina lake na la baba yake. Pale kijijini watu walimwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Mimi nilimwita Mama Watoto. Jina lake mwenyewe sikulisikia likitajwa mbele za watu tangu siku ya harusi yetu, miaka kumi na miwili nyuma.

Alipokea cheti kwa mikono miwili. Alikisoma palepale, akiwa bado amesimama, mstari kwa mstari. Katibu alingoja hadi alipomaliza.

NANI ATAPIKA?

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilijaa furaha. Nikasema, "Mama Watoto, nitakufanyia karamu. Nitachinja mbuzi. Nitanunua mchele. Nitaita watu arobaini. Kijiji kizima kitajua kwamba mke wangu amefuzu."

Alinyamaza. Usiku akaniambia, "Baba Watoto, nikuulize hesabu?"

"Uliza."

"Watu arobaini watahitaji ndoo ngapi za maji, ya kupikia, ya kunawa na ya kunywa?"

"Kama ndoo kumi."

"Nani atayateka?"

Sikujibu.

"Mchele wa watu arobaini, nani atauchagua? Sufuria, nani atazisugua?"

"Majirani watakusaidia," nikasema.

"Kweli, watanisaidia. Lakini mtu husaidiwa kazi yake. Basi kazi ni yangu." Kisha akasema, "Cheti nimepata mimi. Sifa ya karamu utapata wewe. Jasho nitatoa mimi. Sasa sherehe yangu mimi iko wapi?"

Ndugu msomaji, nilikaa kitandani kama mtu aliyepigwa na radi. Mwisho nikamwuliza, "Haya, wewe mwenyewe unataka nini?"

Tulikuwa tumekaa pamoja miaka kumi na miwili. Swali hilo sikupata kumwuliza hata mara moja.

Akajibu upesi, kama mtu aliyeweka jibu lake tayari siku nyingi. "Kila siku nikitwanga, nasikia bendi katika redio ya jirani. Nasikia magitaa. Watu wanaopiga sijapata kuwaona. Nataka nikawaone kwa macho yangu."

MANENO YA WATU

Asubuhi habari zilienea. Mama yangu alisema, "Mwanamke aliyeolewa aende dansini? Huko si kwa wahuni?" Mzee mmoja aliniambia, "Ulimpa kusoma, sasa unampa dansi. Kesho atataka nini?"

Kwa siku tatu nilisitasita. Siku ya nne nilikwenda kwa dada yangu mkubwa. Nilitaka anisaidie kumwambia mke wangu aache. Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Ndugu yangu, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu amecheza kwenu miaka kumi na miwili. Amelima, amezaa, ameuguza wazazi wetu. Amesoma usiku wakati wewe unakoroma. Hujamtunza bado. Na asiende peke yake. Nenda naye. Mke aliyefuatana na mumewe watu watamsema nini? Watoto waleteni hapa kwangu."

Basi maneno yakaisha.

HESABU YA SAFARI

Kabla ya kutoa fedha za pamba, mke wangu alichukua daftari lake akaandika hesabu mbili. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya karamu:

Mbuzi: sh. 120
Mchele na mafuta ya kupikia: sh. 80
Sukari na chai: sh. 30
Pombe: sh. 70
Jumla: sh. 300

Hesabu ya pili ilikuwa ya safari:

Nauli ya basi, watu wawili, kwenda na kurudi: sh. 48
Kiingilio, watu wawili: sh. 20
Chakula: sh. 15
Jumla: sh. 83

Malazi hatukuyahesabu. Tulilala kwa shangazi yake mjini. Tulimpelekea kuku na unga wa mahindi, maana mgeni haendi mikono mitupu.

Tazama hesabu hizo, ndugu msomaji. Mimi nilidhani dansi ni anasa na karamu ni jambo la heshima. Kumbe karamu ingemeza fedha zaidi ya mara tatu. Na sisi tusingeandika hesabu, tusingejua.

MJI WA MUZIKI

Jumamosi tulipanda basi, tukafika Morogoro mchana.

Morogoro ni mji wenye historia katika muziki wa dansi. Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa huko mwaka 1944. Bendi ya Cuban Marimba ilianzishwa mwaka 1948 na Salum Abdallah. Bwana huyo alifariki mwaka 1965, lakini nyimbo zake zinaimbwa mpaka leo. Mbaraka Mwinshehe naye alipata sifa akiwa katika Morogoro Jazz. Mwaka 1973 alianzisha bendi yake, Super Volcano. Alifariki mwaka 1979 baada ya ajali ya gari huko Kenya.

Utauliza: kwa nini bendi ya Morogoro ikaitwa Cuban? Kuba ni kisiwa cha mbali, karibu na Amerika. Watu weusi waliopelekwa huko utumwani walikwenda na ngoma za Afrika. Ngoma hizo zikachanganyika na magitaa ya Wahispania. Baadaye muziki huo ulirudi Afrika katika sahani za santuri. Watu wa Kongo na wa huku kwetu wakausikia, wakautambua kama mtoto aliyerudi nyumbani. Wakaupiga kwa namna yao.

Huko Marekani watu weusi walikuwa na muziki wao pia. Nao ulipokutana na gitaa la umeme, ukazaa muziki unaoitwa roki. Vijana wa Marekani na Uingereza waliujaza viwanja. Mmoja wa waimbaji wake wakubwa, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Basi roki na dansi ni kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Kila mmoja ana sura yake, lakini damu ni ya jamaa moja.

MLANGONI

Jioni tulifika ukumbini. Watu walikuwa wengi mlangoni. Mkata tiketi aliniambia, "Wawili? Shilingi ishirini." Nikatoa noti ya shilingi ishirini, nikampa.

Mke wangu akanivuta mkono. "Baba Watoto, ngoja." Akanyosha kidole kwenye ubao uliokuwa ukutani, umeandikwa kwa chaki. Akasoma kwa sauti, wala hakukosea:

"Kiingilio. Bwana, shilingi kumi. Bibi, shilingi tano."

Watu waliokuwa nyuma yetu wakageuka kuutazama ubao. Mkata tiketi akajikuna kichwa. Akatoa shilingi tano, akamrudishia mke wangu, si mimi.

Mimi niliyesoma hadi darasa la nne nilipita mbele ya ubao ule bila kuutazama. Mke wangu aliyefundishwa chini ya mwembe aliutazama. Kujua kusoma ni jambo moja. Kuwa na tabia ya kusoma ni jambo la pili. Usiiache tabia hiyo nyumbani unaposafiri.

MAGITAA

Tulipata viti karibu na jukwaa. Tuliagiza soda mbili. Bendi ilipoanza, mke wangu alishika kifua. Sauti aliyoizoea katika redio ndogo sasa ilitikisa meza.

Kulikuwa na magitaa matatu. La kwanza lilikwenda mbio kama ndege: hilo ni la solo. La pili lilijibu, likirudia neno lilelile: hilo ni la ridhim. La tatu lilinguruma chini: hilo ni la besi. Kulikuwa na ngoma, na tarumbeta, na saksafoni. Mke wangu aliniambia sikioni, "Ni kama wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja. Kila mmoja ana mchi wake, na michi haigongani."

Wanamuziki walipopumzika, mpiga gitaa mmoja alikuja kukaa karibu nasi. Mke wangu akamsalimu, akamwuliza, "Kaka, tafadhali nieleze. Kwa nini gitaa lako ni jembamba hivyo, halina tumbo, lakini linashinda kelele za watu wote hawa?"

Kijana yule akafurahi, akamweleza taratibu. Mke wangu alitoa daftari katika mkoba, akaandika. Daftari hilo ninalo hapa. Haya ndiyo aliyoandika:

"Nyuzi za gitaa la umeme ni za chuma. Chini ya nyuzi kuna sumaku ndogo. Sumaku zimezungushiwa waya mwembamba sana wa shaba. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana huzaliwa ndani ya waya. Umeme huo hupita katika waya mrefu mpaka kwenye amplifaya. Amplifaya huukuza umeme. Kisha umeme huingia katika spika. Spika hutikisa hewa. Hewa ikifika sikioni, tunasikia."

Alipomaliza kuandika akauliza, "Je, umeme ukikatika?"

Kijana akacheka. "Dada, hapo magitaa hunyamaza. Hubaki ngoma na tarumbeta, kama zamani za babu."

Bendi ikaanza tena. Mke wangu alikaa na kusikiliza tu, saa nyingi. Mimi niliona haya kumwambia tucheze. Sikuwa nimecheza tangu ujana. Ulipofika wimbo wa mwisho alisimama, akaweka mkoba wake kwenye kiti, akasema, "Bwana, twende."

Tukaenda. Nilimkanyaga mara mbili. Hakuna aliyetucheka. Katika ukumbi ule niliona waume na wake zao, na wazee wenye mvi, na vijana wenye adabu zao. Wahuni walikuwapo wawili watatu, kama walivyopo katika kila mkutano. Wao walikuwa na njia yao, sisi na yetu.

TAA

Jumatatu tulikuwa shambani. Lakini kabla ya kupanda basi la kurudi, nilikwenda dukani peke yangu. Nilinunua taa ya chemli na debe dogo la mafuta ya taa. Nilipompa, hakusema kitu. Aliifuta kioo kwa kanga yake, akaipakata njia nzima, hata basi liliporukaruka katika mashimo.

Usiku huo aliwasha chemli akaiweka mezani. Akafungua daftari. Mimi nilijinyosha kitandani kama kawaida yangu. Kisha niliamka, nikaenda kukaa upande wa pili wa meza. Nikamwambia, "Nisomee ulichoandika juu ya gitaa." Akanisomea.

Kufika mwaka 1986, katika kila watu wazima kumi wa nchi yetu, karibu tisa walikuwa wanajua kusoma na kuandika. Mara nyingi nikiifikiria hesabu hiyo najiuliza: wangapi kati yao walisoma kwa mwanga wa moto wa jikoni, kwa sababu mtu fulani aliyaonea uchungu mafuta ya taa?

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ndugu msomaji, sikuambii kila mtu aende dansini. Mwenzako anaweza kutaka kwenda kuwasalimu wazazi wake, au kuona bahari, au kulala tu siku nzima bila kuitwa. Nakuambia mambo manne.

1. Muulize aliyefuzu anataka nini. Usimchagulie.

2. Aliyefuzu asiwe mpishi wa sherehe yake mwenyewe. Kama ni karamu, wewe teka maji.

3. Andikeni hesabu pamoja kabla ya kutoa fedha. Msikope kwa ajili ya sherehe. Fedha ya mbegu isiguswe.

4. Anza kumtunza mwenzako wakati bado anasoma. Mshikie mtoto. Chota maji. Nunua mafuta ya taa. Sherehe ya siku moja haiwezi kulipa deni la miaka mitatu.

Mke wangu sasa ni bibi wa wajukuu wengi. Cheti chake kimo ukutani, ndani ya kioo. Wageni wakiuliza, mimi ndiye ninayewaeleza. Naye akisikia bendi ya zamani katika redio huniambia, "Bwana, hilo ni la ridhim. Sikiliza linavyojibu."

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Someni habari hii pamoja, kisha jibuni:

(a) Kwa nini mke hakutaka karamu?
(b) Baada ya kurudishiwa shilingi tano mlangoni, safari iligharimu shilingi ngapi?
(c) Katika nyumba yako, nani anasoma sasa? Umemsaidia kwa kazi gani juma hili?
(d) Mwulize mwenzako leo: "Wewe mwenyewe unataka nini?" Andika jibu lake katika daftari lako.

Tuonane mwezi ujao, ndugu msomaji. Kwaheri.